Nondo Ikigoma: Barua Zenu Kuhusu Udongo wa Malisho

Tangu toleo lililopita nigusie habari ya ng'ombe kuzurura mikoroshoni, barua za malisho zimenijia nyingi kuliko za korosho zenyewe, na kwa sisi watu wa Lindi hilo si jambo dogo. Nimechagua chache. Za matusi nimeziweka pembeni isipokuwa moja, maana mwenyewe ana haki yake.

Shikamoo Mzee wa Nondo. Mimi ni katibu wa kamati ya matumizi ya ardhi kwenye kijiji kimoja wilayani Nachingwea. Tumetenga eneo la malisho, kama hekta 300. Tulishauriwa tuchote udongo sehemu ishirini, tuuchanganye kwenye ndoo, tupeleke kilo moja maabara. Majibu yamerudi: "kichanga tifutifu, unafaa". Lakini wafugaji wanasema huku juu ni kama sakafu ya saruji, na kule bondeni ng'ombe wanazama hadi magotini. Nani mwongo, maabara au wafugaji?
*Katibu, Nachingwea*

Marahaba, katibu. Hakuna mwongo hapo. Kilichowadanganya ni ndoo.

Ukizungukia nyumba ishirini ukachota mchuzi kijiko kimoja kimoja, ukaumwaga wote kwenye sufuria moja, utaonja chumvi ya kijiji. Nani kazidisha na nani kasahau, hutajua. Ndoo ina kazi yake. Kwenye shamba la mahindi la eka mbili, ambalo utalitia mbolea ileile mwanzo hadi mwisho, changanya tu. Malishoni hakuna anayetia mbolea. Unachotaka kujua kule ni mvua inaingia wapi, inasimama wapi, inakimbia wapi, na mzizi wa nyasi unakomea wapi. Hayo yanategemea udongo ulivyojipanga palepale ulipo: vitundu vyake, mabonge yake, ugumu wake. Ukishauchimba, ukaukoroga na kuusafirisha kwenye mfuko, mpangilio wote umevunjika. Maabara wamewaambia kweli tupu kuhusu mchanga na mfinyanzi uliomo. Kuhusu vitundu hawakuwa na la kusema, kwa sababu mliwapelekea maiti.

Sikucheki. Nami ujanani nimekoroga ndoo nyingi. Siku moja nilirudi kambini na mifuko arobaini niliyoiandika namba kwa kalamu ya wino, mvua ikanikuta njiani, namba zote zikayeyuka. Mkubwa wangu akaitazama ile mifuko, akasema basi tufanye wastani. Tukafanya. Ramani ikatoka rangi moja, kama kanga iliyofuliwa kwa jiki. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli.

Sasa, kabla hamjachora chochote, tembeeni mteremko. Miaka ya 1930 kulikuwa na mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne, kituo chake Amani, kule milima ya Usambara. Alikuwa akitengeneza ramani ya udongo ya Afrika Mashariki, na tatizo lililomsumbua ni hili lenu: kutoka kileleni hadi bondeni, mwendo wa miguu tu, udongo ulibadilika mara tatu au nne, na kwenye karatasi yake hapakuwa na nafasi ya kuonyesha yote hayo. Ila aliona kwamba mpangilio unajirudia kilima kwa kilima: mwekundu juu, wa kichanga kwenye mteremko, mweusi wa mbuga chini. Mwaka 1935 akaupa jina la katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Mtu akiuelewa mnyororo wa kilima kimoja, cha jirani anakwenda kukihakiki tu.

Kwa hekta zenu 300, chagueni mistari mitatu inayoanzia juu kabisa na kuishia kwenye maji. Kila hatua 50, kama mita 40 hivi, simameni. Hapo fanyeni mambo mawili, na la tatu mara mojamoja.

La kwanza ni nondo. Chukueni ya milimita 12, urefu wa mita moja, iliyonolewa ncha. Mtu mmoja yuleyule aisukume kwa uzito wake, bila nyundo, na muandike imeingia sentimita ngapi kabla ya kugoma. Nasema mtu yuleyule kwa sababu nimeona kijana wa kilo 50 na baba wa kilo 90 wakitoa ramani mbili za uwanja mmoja. Na mfanye siku mbili baada ya mvua kubwa. Udongo mkavu hugomea nondo hata kama hauna ubaya wowote, na hapo mtakuwa mmepima kiangazi.

La pili ni kidole. Loweka udongo kidogo kiganjani, ukande kama unga wa chapati, kisha usukume kati ya dole gumba na kidole cha shahada utoke kama utepe. Ukishindwa hata kufinyanga tonge, ni kichanga. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu. Ukipita sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi, mwite mama wa vyungu.

La tatu ni chupa, na hili mlifanye pale tu nondo au kidole vinapobadilika ghafla, vinginevyo mtazeeka huko porini. Kata bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 15, urefu kama huohuo, uligongee ardhini kwa kipande cha ubao hadi nusu yake. Mimina chupa ya maji ya nusu lita, acha yaishe. Hiyo ya kwanza ni ya kulainisha, haihesabiwi. Mimina ya pili, na hapo washa saa ya simu. Nusu lita kwenye bomba hilo ni kama mvua ya milimita 28, mvua nzuri ya mchana mmoja. Ikinywewa kwa dakika tano, mvua yako inabaki kijijini. Ikikaa zaidi ya saa nzima, ujue mvua hiyo ni ya mtu wa bondeni, na udongo wako inaondoka nao.

Kila nukta iandikeni: mstari wa ngapi, hatua ya ngapi, chini ya mti au peupe, nyasi zipo au hazipo. Hilo la mti msilipuuze. Chini ya mninga mkubwa udongo huwa laini na hunywa maji haraka kuliko hatua kumi pembeni, na mkijikuta mmepumzika kivulini kila mara mnapopima, ramani itawasifia bure.

Mkimaliza, tandazeni karatasi ya bango pale ofisi ya kijiji, wekeni namba zote mahali pake, ndipo mpite na kalamu ya rangi mkizunguka namba zinazofanana. Mpaka wa rangi uwekeni pale namba zinaporuka, hata kama unapinda kama nyoka. Rula iacheni nyumbani. Mkiupeleka mkutano mkuu wa kijiji mpango wa huku juu tulishe miezi fulani na kule bondeni miezi mingine, kila mtu ataona kwa macho yake sababu ni nini.

Wazee wa Nachingwea mnajua gharama ya kupuuza haya. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulikagua nchi hii haraka haraka, mwaka uliofuata mpango wa karanga ukaanza. Kongwa, ambako walianzia, mfinyanzi uliokauka ulikuwa mgumu kiasi kwamba karanga hazing'oki. Huku kwetu wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na baadaye reli ikang'olewa. Mamilioni ya pauni yale, na nondo ya milimita 12 ingewaambia.

Mzee, habari za huko. Sisi tulihamia Kilwa na mifugo kutoka Mbarali. Kuzunguka lambo letu nyasi hazioti tena, hata mvua ikija vizuri. Wenyeji wanasema ni kwato za ng'ombe wetu. Mimi nasema pale palikuwa pabovu toka zamani. Kuna namna ya kupima bila kupigana?
*Mfugaji, Kilwa*

Ipo, ndugu yangu, na nakupa heko kwa kuuliza kabla ya kushika fimbo. Huenda nyote mna kweli nusu nusu.

Ng'ombe hukandamiza udongo wa juu. Madhara yake makubwa yako kwenye sentimita kumi za kwanza hivi. Chini zaidi ya hapo kwato haifiki kwa nguvu. Udongo uliozaliwa mgumu hauna habari na sentimita kumi, ni mgumu hadi huko chini. Basi chimba shimo dogo, na upime ugumu mara mbili: juu kabisa, halafu kwenye kina cha sentimita 30.

Ukitaka namba ambayo hata afisa mifugo hataibishia, tafuta kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 98. Kigonge kiingie chote bila kuutikisa udongo, kitoe kwa kisu, sawazisha juu na chini, kisha kaushe udongo wote uliomo. Maabara hutumia nyuzi 105 kwa siku nzima; wewe tumia sufuria kavu juu ya mkaa, geuza taratibu hadi uzito uache kushuka. Upime kwenye mizani ya jikoni ya dijitali. Tuseme umepata gramu 152. Gawanya kwa 98, unapata 1.55, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kwenye kichanga hiyo si namba ya kutisha, mzizi bado unapenya hadi karibu 1.8. Kwenye mfinyanzi, ukipita 1.5 hivi mizizi imeshaanza kukwama. Kwa hiyo usimkubalie mtu anayekutajia namba ya ugumu bila kukuambia ni udongo gani.

Halafu umbali. Anzia ukingoni mwa lambo, pima kwenye mita 10, 20, 40, 80, 160 na 320, kila mara ukizidisha mara mbili. Karibu na maji mambo hubadilika upesi, mbali hubadilika polepole, na ukipima kila mita 100 utaliruka eneo lote lenye ugomvi. Fanya hivyo kuelekea pande mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka. Ikiwa ugumu unapungua kadiri unavyoliacha lambo, pande zote mbili sawasawa, na kule chini kwenye sentimita 30 hakuna tofauti, wenyeji wameshinda. Ikiwa ugumu haujali lambo liko wapi, unafuata tu kupanda na kushuka kwa ardhi, na kule chini nako ni jiwe, wewe umeshinda. Kwato huchora duara, asili hufuata mteremko.

Pima mbele yao, wakushikie utepe. Na hata ukishinda, hamisha sehemu ya kunyweshea: vuta maji kwa bomba hadi kwenye birika lililo mbali na lambo, hasa msimu wa mvua. Udongo ulioloa ndio unaoumia. Ng'ombe mmoja wa mwezi Februari ni sawa na kundi la mwezi Septemba.

Mimi ni mwanafunzi, nyumbani Mtwara. Utafiti wangu ni kuchora ramani ya ugumu wa udongo na upenyaji wa maji kwenye malisho. Nimeambiwa nipime kila mita 100 kwa miraba. Kwa nini 100? Mbona si 30, au 500?
*Mwanafunzi, Mtwara*

Kwa sababu 100 ni namba ya mviringo, mwanangu, na watu wanapenda namba za mviringo. Udongo hauzijui.

Shamba lenyewe ndilo litakalokuambia umbali. Chukua vipimo vyako viwiliviwili. Vile vilivyopishana mita 5, tofauti yake ni kiasi gani? Vya mita 20? Vya mita 80? Kila tofauti izidishe kwa yenyewe, tafuta wastani wa kila kundi la umbali, ugawe kwa mbili, kisha chora: umbali chini, tofauti juu. Mchoro huo ndio variogramu. Majirani hufanana, kwa hiyo huanzia chini. Kadiri umbali unavyokua mstari unapanda, hadi mahali unapolala. Pale unapolala, ujirani umekwisha: kipimo cha hapa hakikuambii tena chochote kuhusu cha kule. Tuseme ni mita 60. Basi miraba yako ya mita 100 ingekuwa kama kuuliza habari za mtaa wa Chikongola kwa mtu anayeishi Masasi. Pima kwa nusu ya umbali huo au chini yake.

Utakuta pia mstari hauanzii sifuri. Hata vipimo viwili vya hatua moja hupishana, kwa sababu kimoja kimeangukia tundu la mchwa. Wataalamu wanaita tofauti hiyo kwa jina la donge la dhahabu, na jina hilo lina kisa. Danie Krige alikuwa mhandisi wa migodi Afrika Kusini, kwenye dhahabu ya Witwatersrand. Mwaka 1951 aliandika namna ya kukisia dhahabu iliyoko kati ya mashimo yaliyokwisha kuchimbwa. Kule shimo moja laweza kuangukia donge na la pembeni likatoka mikono mitupu. Mfaransa Georges Matheron akaijengea hesabu kamili na kuipa jina la Krige, ndiyo krigingi unayoiona kwenye programu za kompyuta. Leo tunakisia nayo nyasi.

Ushauri wangu: ukiwa na uwezo wa nukta 120, usizimwage zote kwenye miraba. Thelathini zipange karibukaribu, mita 1, mita 5, mita 25, sehemu kadhaa tofauti. Chini ya nukta mia hivi variogramu huyumba kama mlevi, na kompyuta itakuchorea ramani nzuri tu hata hivyo. Hiyo ndiyo hatari yake, haina aibu. Na ugumu na upenyaji kila kimoja kichoree variogramu yake. Upenyaji wa maji una vurugu zaidi, mara nyingi utalazimika kutumia logi (logarithimu) ya namba kabla ya kuanza.

Simu yangu inaonyesha ramani ya udongo ya Afrika nzima, bure. Kuna haja gani ya kuchimba?
*Kijana wa Ruangwa*

Ramani ya Afrika iitwayo iSDAsoil ina vigae vya mita 30, ile ya dunia ya SoilGrids vya mita 250. Zote zimekisiwa na kompyuta kutokana na sampuli za mbali na picha za setilaiti. Zitumie kuamua mistari yako ianzie wapi. Nami hufanya hivyo. Lakini njia ya ng'ombe ina upana wa mita moja, na boma lililohamwa lina upana wa uwanja wa mpira. Setilaiti haikuwahi kusukuma nondo pale.

Wewe mzee unapotosha watu. Ulisema mbuga nyeusi haipitishi maji. Mimi nimemwaga ndoo nzima kwenye mbuga yangu mwezi Novemba, imemezwa kabla sijaiweka chini. Kama umestaafu, staafu na kalamu.
*Mkulima na mfugaji, Masasi*

Hii ndiyo niliyosema mwenyewe ana haki. Niliandika nusu ya jambo.

Mfinyanzi wa mbuga hunywea ukikauka na kuvimba ukiloa. Mwezi Novemba una nyufa ambazo mkono unazama hadi kiwiko, na ndoo yako haikupenya udongo, ilidondoka kwenye ufa. Mvua za kwanza zikishanyesha, mfinyanzi unavimba, nyufa zinajifunga, na ndoo hiyohiyo mwezi Februari utaikuta asubuhi inakungoja. Wote wawili tumepima sawa, tumepima tarehe tofauti. Kosa langu ni kutoandika mwezi, na kosa hilo ni kubwa kuliko lako, maana mimi nalipwa.

Kwa hiyo kwenye mbuga pima mara mbili, kabla ya mvua na katikati yake, na ramani ya malisho uichore kwa kipimo cha katikati ya mvua, kwa sababu ndipo kwato zinapozama. Lile la kalamu nitalifikiria baada ya Idi.

Mzee wetu, tuko Newala juu. Nataka kuchimba lambo la kunyweshea mbuzi. Nianze na kina gani?
*Mama wa mbuzi ishirini*

Usianze, mama. Uwanda wa Makonde una mchanga mwingi wenye kina kirefu, mvua inapita moja kwa moja hadi chini na kutokea kwenye chemchemi miguuni mwa mteremko. Bibi zetu walishuka na mitungi kwa sababu hiyo. Jaribu lile bomba la sentimita 15 nyuma ya nyumba, nusu lita itakuaga dakika moja au mbili. Fedha ya lambo nunulia mifereji ya bati na tangi.

Nikihesabu hatua zangu 50 nikaangukia juu ya kichuguu, nikipime au nikiruke?
*Mjumbe wa kamati, Liwale*

Kipime. Ukikiruka kwa sababu ni kichuguu, kesho utaruka njia ya ng'ombe, keshokutwa utaruka kila usichokipenda. Mchwa hupandisha mfinyanzi kutoka chini, ndiyo maana mafundi wanakipenda kwa matofali, na nyasi za juu yake huwa tofauti. Iandike nukta hiyo kwa alama yake, halafu ongeza nyingine hatua kumi pembeni ili uone kichuguu kinaishia wapi. Na kabla hujapanda, gonga kwanza kwa nondo usubiri. Swila hupenda kulala humo.